Gor Mahia: Jabilo wa Kanyamwa na utata wa nasaba yake

KILA mara timu ya Gor Mahia inaposhuka uwanjani, jukwaa hugeuka kijani na jina la K'Ogalo huhanikiza kutoka pembe moja hadi nyingine. Katika lugha ya Dholuo, jina hilo lina maana ya nyumbani kwa Ogalo. Mashabiki wanaolitaja, pengine bila kujua, wanataja boma la kale, na kupitia boma hilo wanamkumbuka mtu mmoja aliyefariki yapata karne moja iliyopita huko Kanyamwa, eneo la Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay.

Mtu huyo alikuwa Gor, mwana wa Ogada. Aliishi katika enzi ambapo Waluo wa kusini mwa Ghuba ya Winam hawakuwa na daftari la vizazi wala la vifo, na akafariki wakati serikali ya kikoloni ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuandika majina ya watu kwa ajili ya kodi. Kati ya nyakati hizo mbili, sifa zake ziliota mbawa. Ni rahisi zaidi kumpata mtu wa kusimulia jinsi Gor alivyojigeuza jiwe kuliko kumpata wa kuthibitisha babu yake alikuwa nani.

Swali la babu si dogo katika nchi ya Waluo. Nasaba ndiyo iliyotenganisha wenye ardhi, waitwao weg lowo, na jodak, yaani wageni waliokaribishwa kuishi na kulima kwa hisani ya wenyeji. Nasaba iliamua ni ukoo gani kijana asiruhusiwe kuoa, ni boma lipi litoe kiongozi, na ni wapi mzee azikwe. Mabaraza ya machifu na baadaye mahakama yalisikiliza mashauri mengi ya ardhi ambapo kila upande ulihesabu mababu zake mmoja baada ya mwingine, na hesabu hizo hazikulingana. Katika mazingira kama hayo, kuwa na uhusiano wa damu na mtu mashuhuri kama Gor kulikuwa na faida inayoshikika.

Jina ndani ya jina

Gor hutambulishwa kwa utaratibu wa majigambo ya Waluo: Gor wuod Ogada, nyakwar Ogalo. Kwa juu juu, maneno hayo ni cheti cha kuzaliwa kilichokamilika. Gor ni mwana wa Ogada na mjukuu wa Ogalo. Hata hivyo, mtafiti wa nasaba hawezi kuishia hapo.

Neno wuod lina maana ya mwana wa kiume, lakini Waluo hulitumia pia kumhusisha mtu na mahali atokako, kama vile mtu kuitwa mwana wa ziwa. Neno kwaro nalo lina maana ya babu, na vilevile lina maana ya mhenga wa zamani. Kwa sababu hiyo nyakwaro anaweza kuwa mjukuu halisi, na anaweza pia kuwa mzao wa mbali. Mswahili angelazimika kuchagua kati ya mjukuu, kitukuu, kilembwe na kining'ina. Jigambo la Kiluo halimlazimishi msemaji kuchagua.

Hivyo basi, Ogalo huenda alikuwa babu mzaa baba wa Gor, kama simulizi zinavyoeleza kwa kawaida. Huenda pia jina lake lilitajwa kwa sababu ndilo lililokuwa na uzito, huku majina ya watu wa katikati yakimezwa. Jambo hili huwapata mababu wengi duniani. Wanaokumbukwa ni waanzilishi wa boma na watu waliotenda makuu, ilhali waliozaliwa, wakalima na kufa kwa amani husahaulika.

Jina la Mahia lenyewe halimo katika nasaba. Ni lakabu inayotokana na neno la Dholuo lenye maana ya maajabu au viini macho, na Gor alipewa kutokana na sifa ya uganga. Lakabu hiyo imelimeza jina la baba kiasi kwamba wasiojua hudhani Mahia ndiye aliyemzaa Gor. Mtu akianza kutafuta ukoo wa Mahia atakuwa amepotea kabla hajaanza safari.

Jina la Kanyamwa pia lina mtego wake. Ka ni kwa, yaani nyumbani kwa fulani. Koo kadhaa za kusini zina majina yanayoanza vivyo hivyo, miongoni mwao Kanyada na Kanyidoto zilizo jirani. Kiambishi nya huhusishwa na binti, na mwa ni neno ambalo Waluo walilitumia kuwaita watu wa makabila yasiyozungumza Dholuo. Mtu mwenye haraka anaweza kuunganisha vipande hivyo na kutangaza kwamba ukoo mzima ulitokana na binti wa kigeni. Ni dhana isiyo ya ajabu, kwani Waluo waliohamia kusini waliwakuta watu wa jamii za Kibantu na wakaoana nao. Lakini kufanana kwa maneno ni dokezo tu, na dokezo halitoshi kuwa hukumu.

Duol, gunda na mawe

Elimu ya nasaba ilikuwa na shule yake. Jioni ilipoingia, wavulana walikaa na wazee katika duol, kibanda cha mwenye boma, wakasikiliza majina ya wahenga, vita vilivyopiganwa na njia zilizofuatwa na ukoo hadi kufika ulipo. Wasichana walilelewa na bibi mkongwe aitwaye pim katika nyumba ya siwindhe, na huko nao walipata hadithi na maonyo. Kijana aliyeshindwa kuwataja mababu zake alionekana mtu asiye na kwao. Bila shaka Gor naye alipitia mafunzo ya aina hiyo.

Tarehe ya kuzaliwa kwake haikuandikwa. Zipo simulizi zinazompa umri wa zaidi ya miaka mia moja, na umri huo unalingana na picha ya mganga asiyeshindwa hata na kifo. Hesabu ya kawaida hutoa jibu la wastani zaidi. Kifo chake huwekwa karibu na mwaka wa 1920. Ikiwa alikuwa mzee wa kati ya miaka 65 na 85 wakati huo, basi alizaliwa kati ya 1835 na 1855. Wanahistoria hukadiria kizazi kimoja kuwa miaka 25 hadi 30. Kwa kipimo hicho Ogada angezaliwa mwanzoni mwa karne ya 19, na Ogalo, ikiwa kweli ndiye babu wa karibu, angezaliwa mwishoni mwa karne ya 18. Kizazi kimoja kikiongezwa katikati, Ogalo anarudi nyuma hadi karibu na nyakati ambazo koo za Waluo zilikuwa bado zinatafuta makao kusini mwa ghuba.

Mahali pengine Afrika Mashariki, makadirio ya aina hii yamepata kigingi cha kuyafunga. Masimulizi ya falme za Ankole na Bunyoro yanataja jua lililotoweka mchana huko Biharwe, tukio ambalo wataalamu wamelihusisha na kupatwa kwa jua kwa mwaka wa 1520. Kanyamwa haina kigingi kama hicho katika hadithi ya Ogalo. Kilichopo ni matukio ya karibu zaidi kama tauni ya ng'ombe iliyovuma mwanzoni mwa miaka ya 1890, na reli iliyofika Kisumu mwaka wa 1901.

Ardhi yenyewe nayo hutoa ushahidi. Boma lililohamwa huitwa gunda, na hutambulika kwa mabaki ya ua, miti iliyopandwa na makaburi. Kwa desturi, mwenye boma huzikwa upande wa kulia wa nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza. Kwa hiyo kaburi linapojulikana, mtu anaweza kukisia nyumba ya mikayi ilikuwa wapi, na kutoka hapo akatafuta pa nyachira, mke wa pili, na pa reru, wa tatu. Jambo hilo lina maana kubwa katika nasaba, kwa kuwa watoto wa baba mmoja walihesabiwa kwa nyumba za mama zao, na nyumba hizo ndizo zilizokuja kuwa milango ya ukoo.

Katika Kaunti ya Migori, ng'ambo kidogo ya eneo la Kanyamwa, kuna maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga. Kuta zake zilipangwa bila saruji wala udongo wa kuzishikanisha, na inaaminika zilijengwa katika karne ya 16. Mwaka wa 2018 shirika la UNESCO liliziorodhesha miongoni mwa turathi za dunia. Jamii mbalimbali ziliishi humo kwa kupokezana, zikakarabati kuta na kuacha vyombo na mifupa ya mifugo. Wanaakiolojia wanaweza kusoma umri wa mabaki hayo na chakula kilicholiwa. Wasichoweza kusoma ni jina la aliyekuwa mwenye boma. Jina hubaki kazi ya kumbukumbu ya watu.

Kumbukumbu hiyo ilipata pigo kubwa katika maisha ya Gor mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea katika pwani za Ziwa Victoria na mabonde yake. Bonde la Lambwe, linalopakana na genge la Kanyamwa na ambalo sehemu yake sasa ni Mbuga ya Ruma, lilikuwa makao ya mbung'o. Watu walikufa, na waliosalia wakahama. Boma linapovunjika ghafla, wazee hufa kabla ya kumaliza kufundisha, na vijana hulelewa kwa jamaa wa mbali wanaojua nusu ya habari. Nafasi zilizoachwa wazi katika orodha ya mababu hujazwa baadaye kwa majina yanayopendeza.

Kiongozi na mganga

Gor alikuwa jabilo. Waluo walimtofautisha jabilo na ajuoga, mganga wa kawaida wa kutibu na kuagua. Bilo ilikuwa nguvu ya kuona yajayo na kuwalinda watu, hasa wakati wa vita. Jabilo ndiye aliyeulizwa kama vijana watoke kupigana au wabaki, kama ng'ombe wahamishwe au waachwe. Mahali ambapo uongozi haukuwa na jeshi wala gereza, mtu wa namna hiyo alikuwa na sauti kubwa katika baraza la wazee.

Hadithi zinazosimuliwa kumhusu hufuata mkondo mmoja. Maadui au wageni wenye nguvu wanafika nyumbani kwake, naye anajigeuza. Mara ni ajuza, mara ni mnyama, mara ni jiwe kando ya njia. Wanaomtafuta wanampita bila kumjua. Hakuna kumbukumbu ya serikali inayoweza kuthibitisha kwamba mtu aligeuka jiwe, na mwanahistoria hana haja ya kuitafuta. Anachoweza kujifunza ni kwamba watu wa Kanyamwa walimkumbuka kiongozi ambaye ushindi wake ulikuwa wa kuponyoka. Hadithi zake ni tofauti na zile za Lwanda Magere wa Kano, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na ambaye aliua maadui kwa mkuki hadi alipouawa kwa kuchomwa kivuli chake.

Kuponyoka kulikuwa hekima katika miaka hiyo. Waingereza walifungua kituo cha utawala Karungu, ufukweni mwa ziwa katika Kaunti ya sasa ya Migori, kisha wakahamishia makao yao Kisii mwaka wa 1907. Majirani wa Kanyamwa upande wa mashariki, Wakisii, walishambuliwa na vikosi vya serikali mwaka wa 1905 na tena mwaka wa 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki afisa wa wilaya, Geoffrey Northcote. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa na ng'ombe wakatwaliwa. Katika sehemu nyingi za Unyanza, jobilo waliwaasa watu wao wasipigane na wageni hao. Simulizi za Kanyamwa zinampa Gor nafasi ya mtu aliyewatambua wageni mapema na kuishi nao kwa werevu.

Kisha ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Mnamo Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka, kikapita Karungu na kuingia Kisii, ambako kulipiganwa tarehe 12 mwezi huo kabla hakijarudi nyuma. Kwa siku chache watu wa kusini waliona kwamba serikali ya Waingereza ilikuwa inaweza kukimbia. Dini ya Mumbo, iliyozuka Alego mwaka wa 1913 na kuenea kusini, ilihubiri kwamba wazungu wangetoweka. Vijana walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi. Gor alizeeka katika mivutano hiyo, na aliaga dunia muda mfupi baada ya vita kumalizika.

Mashahidi wanaokutana

Baada ya yeye kufariki ndipo maandishi yalipoongezeka. Paul Mboya wa Karachuonyo, mchungaji wa Kiadventista aliyekuja kuwa chifu, alichapisha mwaka wa 1938 kitabu cha Luo Kitgi gi Timbegi kuhusu mila na mwenendo wa Waluo. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alizuru nchi ya Waluo mwaka wa 1936 na baadaye akaandika juu ya koo zao. Profesa Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025, alikusanya masimulizi ya wazee na mwaka wa 1967 akatoa kitabu chake cha historia ya Waluo wa Kusini, akionyesha kwamba masimulizi yanaweza kuwa chanzo cha historia yakipimwa kwa makini.

Kipimo chenyewe kinaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kusikiliza kesi. Shahidi mmoja hatoshi, na mashahidi watano waliofundishwa na mtu mmoja ni sawa na shahidi mmoja. Orodha ya mababu kutoka Kanyamwa inapata nguvu pale inapolingana na ile ya jamaa waliotengana nao zamani, kama vile Waluo waliovuka Mto Kuja wakaenda kuishi upande wa Rorya nchini Tanzania. Mpaka uliochorwa baada ya mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 uliwatenga ndugu, lakini pia uliwafanya kuwa mashahidi wasioweza kupanga maneno kwa urahisi. Mama na shangazi walioolewa katika koo nyingine nao hubeba habari za kwao bila kuwa na shamba la kugombea huko.

Kumbukumbu za wakoloni zinazohifadhiwa katika Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, zikiwemo taarifa za mwaka za maafisa wa wilaya, zina faida ya kuwa na tarehe. Zina dosari pia. Ofisa aliandika jina kama alivyolisikia kwa mkalimani, akachanganya jina la baba na la ukoo, na akapendezwa zaidi na kodi kuliko na babu wa mlipaji. Tarehe ichukuliwe kwake, na uhusiano wa damu uulizwe nyumbani.

Wala hati peke yake haiondoi shaka. Nchini Uingereza, kati ya miaka ya 1530 na 1688, maofisa wa kifalme walizunguka majimboni kuandikisha nasaba za familia zilizodai ukabaila. Watu wenye fedha walijipatia mababu wa enzi za kati ambao hawakuwahi kuishi, na karne kadhaa baadaye wataalamu kama John Horace Round walilazimika kuzichambua upya nasaba hizo kwa kutumia hati za ardhi na za mahakama. Katika mwambao wetu, historia ya masultani wa Pate ilinakiliwa katika matoleo yasiyokubaliana kuhusu miaka na mfuatano wa watawala. Wino haukuwazuia watu kupamba ukoo wao.

Yanayosalia baada ya kupima hivyo ni machache lakini ni imara. Gor alikuwa mtu halisi. Alikuwa wa Kanyamwa, mwana wa Ogada, na boma lake lilijulikana kwa jina la Ogalo. Alikuwa jabilo mwenye sifa iliyovuka mipaka ya ukoo wake, aliishi hadi utawala wa Waingereza ulipokita mizizi, na akafariki karibu na 1920. Idadi ya vizazi kati yake na Ogalo haina budi kuandikwa kwa penseli.

Mwaka wa 1968, wakati klabu za Luo Union na Luo Stars zilipoungana, waanzilishi walitafuta jina la kuwaunganisha Waluo wa kila upande wa ghuba, wakachagua la mganga wa Kanyamwa. Chaguo hilo lilimtoa Gor mikononi mwa ukoo mmoja. Timu hiyo ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka wa 1987 baada ya kutoka sare ya 2-2 na Esperance jijini Tunis na 1-1 jijini Nairobi, ikashinda kwa mabao ya ugenini. Imenyakua ubingwa wa ligi ya Kenya zaidi ya mara 20.

Wazee wanaobeba habari za boma la Ogalo kama zilivyosimuliwa katika duol wanazidi kupungua. Kila mmoja anapozikwa, shahidi mmoja anatoweka, na hadithi ya jiwe inazidi kuwa rahisi kuisimulia kuliko ile ya baba na babu. Anayetaka kuandika majina hayo yalingane na mashahidi wa Ndhiwa, Migori na Rorya anapaswa kufanya hivyo wakati bado wapo wa kuulizwa, na kuandika pembeni mwa kila jina nani alilitaja, wapi na lini.